Kila Jumamosi tunarudi nyumbani tumenuniana

Shikamoo Shangazi,

Naishi St. Paul, Minnesota, na mume wangu na watoto watatu. Wa kwanza ni binti wa miaka 11, anafuata wa kiume wa miaka 7, halafu kitindamimba wa miaka miwili na ushee ambaye sisi humwita Bosi kwa sababu ndiye anayetuendesha nyumba nzima. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Baba watoto anaendesha lori la kusambaza mizigo. Anaondoka saa sita mchana na kurudi watoto wameshalala, na Jumamosi pia anaingia. Maisha yetu ni ya kubeba maboksi, Shangazi, unayajua.

Huku baridi inatufungia ndani tangu Novemba mpaka Aprili. Ikifika mwisho wa Mei watu wanatoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Kwenye kundi letu la WhatsApp la kina mama, kila Jumapili usiku ni picha: watoto wa fulani kwenye boti, watoto wa fulani wanachuma stroberi shambani, familia nzima imevaa kitenge sare mbele ya maporomoko ya Minnehaha. Nami nikasema wangu hawatabaki kuangalia televisheni. Tangu Siku ya Mashujaa wao, ile Jumatatu ya mwisho wa Mei, nimeweka utaratibu kwamba kila Jumamosi tunatoka. Nikirudi kazini naoga, napika pilau, napanga kikapu, na ikifika saa nne asubuhi tuko kwenye gari.

Shangazi, sijui wenzangu wanafanyaje. Tukienda kuona wanyama pale Como, Bosi hataki kigari chake, anataka kubebwa. Nikimbeba anataka kushuka, nikimshusha anakimbia. Wa kati kila tukikaa tu tayari ana haja. Binti yangu amevaa sweta la kofia kwenye joto, uso kwenye simu. Kuna siku nililipa hela ya maana tuingie kwenye uwanja wa mabembea makubwa. Wa kiume akakataa kila kitu, akapanda farasi wa kuzunguka mara moja basi, siku imeisha. Jumamosi iliyopita tulikuwa ufukweni, Ziwa Phalen. Bosi akatupa kiatu chake majini. Mimi nilipitiwa na usingizi kidogo kwenye mkeka, mkubwa akaniamsha kuwa mdogo wake anaelekea majini, nikamrudisha. Lakini niliamka na hasira hiyo, nikawafokea wote watatu mbele za watu, tukafunga virago hata pilau halijafunguliwa.

Njiani binti yangu akasema taratibu, "Mama, kwani lazima twende? Mbona wewe mwenyewe hufurahi?" Nilikosa jibu. Mpaka leo linanichoma.

Mume wangu haoni tatizo. Yeye ni mtu wa Ukerewe, anasema huko nani alipelekwa mtoko, walijipeleka wenyewe ziwani na walikua vizuri. Mama mkwe wangu yuko kwetu tangu Aprili, amekuja kutusalimia. Anasema tunawadekeza watoto, na kwamba mtoto akishiba na akalala inatosha. Yeye huwa namwacha nyumbani apumzike, maana nyuma kwenye gari kumejaa watoto na viti vyao.

Naomba uniambie ukweli. Niache hii mitoko? Je, nimekuwa mama wa kelele tu? Na huyu binti nimfanyeje?

Tena, nisisahau, usiku hawalali. Jua linazama saa tatu, na Bosi ananiambia "bado mchana". Nifanyeje?

Mama Bosi, St. Paul

*

Marahaba mwanangu.

Umeniandikia mengi kuhusu picha, mabembea na pilau, na usingizi wa ufukweni ukaupa sentensi moja katikati, tena ukasema "kidogo". Mimi nilipofika hapo nilisimama. Tuanze na hilo, mengine yatasubiri.

Hebu tuhesabu pamoja. Tuseme Ijumaa uliamka saa nane mchana. Ukashughulika na watoto, ukaingia kazini saa tano usiku, ukawageuza wazee vitandani mpaka saa moja asubuhi, ukarudi ukapika, ukaendesha gari, na saa tano asubuhi umetandika mkeka Phalen. Hapo una saa 21 hujafumba jicho. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema mtu aliyekaa macho saa 17 mwili wake unafanya kazi kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha saa 24 ni kama asilimia 0.10. Kikomo cha kuendesha gari Minnesota ni 0.08. Ungekuwa umetoka baa, hakuna mtu angekupa ufunguo wa gari lenye watoto watatu, na wewe mwenyewe usingeomba. Lakini umetoka kazini, umechoka kwa heshima, kwa hiyo kila mtu anakusifu kuwa mama mpambanaji.

Sikusemi ili ulie. Nakwambia kwa sababu hasira unayoiita tabia yako mimi naiona ni usingizi. Mtu aliyenyimwa usingizi hana breki ya mdomo. Lala kwanza, halafu baada ya wiki chache uniambie kama bado wewe ni mama wa kelele. Nahisi hutaniandikia tena juu ya hilo.

Na ziwa ni jambo la peke yake. Marekani, kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne, kuzama majini kunaua kuliko sababu nyingine yoyote. Bosi yuko hapo katikati. Tena mtoto anayezama hapigi kelele wala harushi maji kama tunavyoona kwenye sinema. Anakwenda chini kimya, kwa muda mfupi kuliko wa kujibu ujumbe kwenye simu. Na usidhani ukishavuka umri wa Bosi umepona: hao hao CDC wanaonyesha kwamba watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 huzama kwenye mabwawa ya kuogelea zaidi ya mara 7 ya watoto wazungu wa umri huo. Ngozi haina hatia hapo. Wazazi wengi wetu hatukufundishwa kuogelea, kwa hiyo hatuwapeleki watoto kufundishwa, na mtoto anafika miaka 11 anaalikwa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake kwenye bwawa, anaona aibu kusema hajui.

Kwa hiyo kama kuna hela ya kutumia majira haya ya joto, irudishe kutoka kwenye mabembea uipeleke kwenye masomo ya kuogelea, kwa wote watatu. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri masomo yaanze hata mtoto akiwa na mwaka mmoja, kwa walio tayari. Jimbo lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, huwezi kuyakwepa yote. YMCA, shirika lenye vituo vya michezo na kuogelea, wana utaratibu wa kupunguza ada kwa wenye kipato kidogo, unajaza fomu na kuonyesha mshahara wako, hakuna cha kuona haya. Uliza pia vituo vya burudani vya manispaa. Nafasi zinawahiwa, usingoje Julai.

Mpaka hapo watakapojua, mkiwa karibu na maji lazima kuwe na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kwamba sasa zamu ni yake. Simu iko kwenye kikapu. Hasomi, hachomi nyama, hapigi soga. Kwa Bosi, mkono uweze kumfikia muda wote. Akichoka, anamkabidhi mwingine kwa mdomo, "sasa ni wewe", na yule anaitika. Tukiwa wengi ufukweni ndipo hatari inakuwa kubwa zaidi, kila mtu anadhani mwenzake anaangalia. Yale maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea tu. Kinachosaidia ni jaketi okozi lenye muhuri wa walinzi wa pwani wa Marekani na linalomtosha mtoto kwa uzito wake. Na ukiwa peke yako na watoto watatu ambao hawajui kuogelea, usiende ziwani. Nenda kwenye bustani yenye maji ya kurukaruka kutoka ardhini, ambako hakuna kina. Watalowa vilevile, na watafurahi vilevile.

Sasa mitoko. Usiiache, lakini Jumamosi asubuhi ifute kabisa. Asubuhi hiyo ni ya wewe kulala, mlango umefungwa, simu imezimwa. Nyumbani kuna mama mkwe, na baba yupo mpaka saa sita. Kulalamika kwako kuhusu jua la saa tatu usiku mimi nimelisoma kwa furaha, maana ndilo jibu lako. Mwezi Juni huko mna mwanga mwingi jioni kuliko Mwanza au Dar es Salaam watakavyopata kuona. Amka saa nane au saa tisa, kunywa chai yako kwa utulivu, na saa kumi na moja jioni mtoke. Jua limepungua ukali, maegesho yamepungua watu, na mna saa mbili nzuri kabla ya kurudi kuoga na kulala. Au mtoke Jumapili, ukiwa umelala usiku kama binadamu wengine.

Saa mbili zinatosha, usiongeze. Hapa wengi tunajitesa. Tunafika Como tunataka tuone simba, twiga, sokwe, dubu, kila kibanda, kwa kuwa tumehangaika kufika. Pale hakuna kiingilio, wanaomba mchango wa hiari, na pamekuwepo tangu 1897, hapatahama wiki ijayo. Nenda uone twiga peke yake. Kesho kutwa utarudi kuona sokwe. Mtoto wa miaka miwili hana haja na orodha yako. Ukimwachia, atakaa robo saa akitazama sisimizi kwenye ufa wa sakafu, na hiyo kwake ni safari kamili. Chagueni sehemu mbili tu karibu na nyumbani na mrudi hizohizo. Wa kati atajua choo kiko wapi, na utashangaa jinsi haja inavyopungua mtoto akishajua choo kiko wapi. Mpeleke hapo kwanza mkifika, kabla hamjakaa, hata akisema hana. Mabembea makubwa yangojee mpaka yeye mwenyewe aombe mara nyingi mpaka akuchoshe.

Pilau pia nalifuta. Nani amekwambia watoto wanataka pilau kwenye nyasi? Chemsha mayai, chukua mkate, kata tikiti maji, weka chapati za jana na maji mengi. Pilau libaki la siku ile mnapokutana Watanzania wote bustanini, wanaume wanachoma nyama na kubishana juu ya Simba na Yanga. Siku hiyo lina maana yake, na si wewe peke yako utakayelipika.

Na wakati tunaongea chakula: shule zikiwa zimefungwa, kuna mpango wa serikali unaotoa chakula cha bure kwa watoto hadi miaka 18 kwenye maktaba, bustani na vituo mbalimbali, siku za wiki. Katika vituo vingi hakuna fomu wala swali la mshahara, mtoto anafika na kula. Ulizia kituo kilicho karibu nanyi. Bibi na wajukuu wakitembea kwa miguu hadi maktaba Jumanne, wakala, wakaazima vitabu, wakarudi, huo ni mtoko. Na wewe ulikuwa umelala.

Nikimtaja bibi, ngoja niseme kitu ambacho huenda hutakipenda. Mama mkwe wako amekuwa ndani ya nyumba yenu tangu Aprili. Unasema unamwacha apumzike. Apumzike na nini? Mama wa Ukerewe aliyezoea kuamka na jembe, sasa anaangalia kuta na televisheni ya Kiingereza, Jumamosi ikifika mnafunga mlango mnamwacha. Mimi ningekuwa yeye ningesema watoto wanadekezwa pia. Unapoendesha wewe na mumeo yuko kazini, kiti cha mbele kiko wazi. Mwambie, "Mama, naomba unisindikize, peke yangu siwawezi." Usimwambie twende ukatembee, atakataa kwa adabu. Mwambie unamhitaji. Mpeleke kwenye ile nyumba ya vioo palepale Como, iliyofunguliwa 1915, ambamo wanafuga mimea ya nchi za joto. Atawaonyesha wajukuu majani anayoyajua, atawaambia hili tulikuwa tunafanyia nini. Na lugha itatembea bila wewe kuihubiri.

Binti yako. Sentensi yake ilikuchoma kwa sababu ilikuwa ya kweli, na aliisema taratibu, sikusikia ufidhuli ndani yake. Mtoto wa miaka 11 anayeuliza kama mama yake anafurahi ni mtoto anayekuangalia. Kumbuka pia nani alikuamsha ufukweni. Alikuwa na uso kwenye simu, unasema, lakini ndiye aliyemwona mdogo wake. Sasa fikiria mzigo anaoubeba kila Jumamosi: mama amechoka, Bosi anakimbia, na yeye ndiye mtu mzima wa akiba. Hata mimi ningevaa sweta la kofia nikajificha humo.

Mwombe samahani kwa ule ukali wa Phalen, kwa maneno machache, bila kuongeza "lakini na nyie". Halafu mwambie wazi kuwa kumlinda Bosi majini si kazi yake. Mpe kazi nyingine yenye hadhi: yeye ndiye anachagua wapi mnakwenda Jumapili moja kwa mwezi, anatafuta njia, anajua panafunguliwa saa ngapi. Mara mojamoja akisema anabaki nyumbani, muache abaki na bibi yake, haijaharibika kitu. Na mtafutie saa moja ambayo ni yenu wawili tu, bila wadogo. Nendeni mkale aiskrimu, mkatazame nguo bila kununua, mkae kwenye gari mkisikiliza miziki yake usiyoielewa. Simu itajishusha yenyewe, sio siku ya kwanza, lakini itashuka.

Baba watoto sasa. Mwambie Shangazi anamsalimia na anamkubalia: kweli Ukerewe walijipeleka ziwani. Lakini ufukweni walikuwepo wavuvi, mama wauza dagaa, wajomba na majirani, na yeyote kati yao alikuwa na ruhusa ya kumchapa mtoto wa mwenzake akienda kwenye kina. Kule kijiji kizima kilikuwa zamu. St. Paul wako wewe na yeye. Na nimeona jambo kwenye barua yako ambalo naona nyote wawili limewapita: huyu bwana anaondoka saa sita mchana. Shule zimefungwa. Ana asubuhi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na wewe asubuhi hizo umelala. Kwa nini mitoko yote iko Jumamosi mgongoni kwako?

Mpe ziwa yeye, maana ndiye anayelijua. Minnesota mtoto wa miaka 15 kushuka chini anavua kwa ndoano bila kukata leseni. Mtu mzima kwa kawaida anakata, ila kila mwaka mwezi Juni kuna wikiendi ambayo mkazi wa jimbo aliyeongozana na mtoto wa umri huo anavua bila leseni. Awapeleke wakubwa wawili kwenye gati, Bosi abaki na bibi. Minyoo kidogo, fimbo za bei ndogo, na kando ya gati kuna visamaki vipana vinavyofanana na perege ambavyo hula ndoano haraka, kwa hiyo wa kati hatakosa uvumilivu. Siku wakipanda mashua, sheria ya jimbo inamtaka mtoto wa chini ya miaka 10 avae jaketi okozi muda wote mashua ikiwa inatembea. Mimi nasema na wa miaka 11 avae, na baba naye avae, wasimwone yeye hana. Mwanamume aliyekulia Ziwa Victoria akiombwa kufundisha watoto uvuvi hatasema amechoka. Akisema, niandikie, nitampigia mwenyewe.

Kundi la WhatsApp lizime sauti Jumapili jioni, ulifungue Jumatatu. Wale wa kitenge sare mbele ya maporomoko nao walikuwa na mtoto aliyelia dakika mbili kabla ya picha. Hayo tu.

Mambo mawili ya kushika kabla sijafika kwenye usingizi wa Bosi. Gari likiwa juani, joto la ndani hupanda karibu nyuzi 11 za Selsiasi kwa dakika 10 tu. Mtoto habaki garini hata ukienda kulipa maegesho, na mtu aliyechoka ndiye husahau, kwa hiyo weka pochi yako kiti cha nyuma ili ulazimike kugeuka. La pili ni kupe. Kuanzia Mei hadi Julai wale wadogo wanaoeneza ugonjwa wa Lyme wako kwenye majani marefu na vichaka. Mkirudi kutoka kwenye miti, kagua nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio na kwenye mistari ya nywele, hasa binti akiwa amesuka. Ukimkuta kupe mng'oe kwa kibanio cha nyusi, ushike karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja juu, kisha usafishe hapo kwa spiriti au sabuni. Usimpake mafuta wala usimchome moto, hata bibi akikwambia. Mtoto akitokea kupata homa au wekundu unaotanuka kwenye ngozi wiki zinazofuata, mpeleke kwa daktari na useme kuhusu kupe.

Ukaguzi huo ufanye wakati wa kuoga, na kuoga kuwe mwanzo wa usiku kwa nyumba yenu, bila kujali jua linasemaje. Bosi anabishana na dirisha, hajui saa. Basi mwondolee dirisha: nunua pazia zito la giza, au kwa sasa bandika blanketi jeusi na pini. Saa moja na nusu maji, kisha chakula chepesi, kitabu au hadithi ya bibi, taa chini, saa mbili na nusu kitandani. Siku tatu nne za mwanzo atapiga kelele kwamba bado mchana. Mjibu kuwa ni kweli, bado mchana, na sasa tunalala. Usibishane zaidi ya hapo. Wale wakubwa waruhusu nusu saa zaidi, wasome, ila simu ya binti ilale sebuleni pamoja na yako.

Siku za wiki pia, kabla hujaondoka kwenda kazini, fuata na bibi utaratibu huohuo, na umwelekeze baba asije akawaamsha saa nne usiku kuwasalimia. Na ile wikiendi ya kuvua na watoto, tarehe zake hutangazwa na idara ya maliasili ya jimbo. Mwambie aziangalie leo, maana Jumamosi anaingia kazini na ruhusa ataiomba mapema.

Shangazi